Vali Mpya ya Moyo Inahitaji Mlinzi

Wiki iliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja. Binti yake ana miaka 24. Mwaka jana alipasuliwa moyo, akawekewa vali ya bandia. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kubeba ndoo ya maji, na usiku alilala amekaa kwa kukosa pumzi. Sasa anauza vitenge sokoni, na mama anasema kukiwa kimya usiku huisikia vali ile ikigonga kama saa ya mkononi.

Tatizo limeletwa na mjomba. Amesikia mahali kwamba vidonge anavyomeza binti huyo kila jioni ni sumu ya panya. Ukoo umekaa kikao, na swali lililopo mezani ni hili: mtoto amekwisha pona, kwa nini tuendelee kumlisha sumu? Mama ameomba nijibu hewani, kwa kuwa huenda wapo wengine wenye swali kama lake.

Napenda kusema mapema kwamba mjomba hakusema uongo. Amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama binti huyo ataendelea kuuza vitenge vyake au la. Leo basi tuizungumze habari yote, tangu vali inapoharibika hadi namna ya kuzuia madhara baada ya kuibadilisha.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne. Kati ya vyumba vya juu na vya chini, na pale mishipa mikubwa inapotokea, iko milango minne. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi ilikotoka. Milango hiyo ndiyo tunayoiita vali, nayo hufanya kazi hiyo mara 100,000 hivi kila siku bila likizo. Vali inaweza kuharibika kwa namna mbili: ama inakaza, damu ikapita kwa shida, ama inalegea na kuvuja, damu ikarudi nyuma. Kwa namna yoyote ile, moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada hadi unachoka.

Katika nchi tajiri, wengi wanaobadilishwa vali ni wazee ambao milango yao imechakaa kwa umri. Kwetu Afrika Mashariki wengi ni vijana, na chanzo kikubwa ni mafindofindo ya utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoki, hatibiwi ipasavyo, na wiki chache baadaye anapata homa ya baridi yabisi. Viungo vinavimba, kisha vinapoa, na wazazi wanasahau. Lakini homa ile inaweza kuwa imeacha makovu kwenye vali. Miaka inapita, mtoto anakuwa kijana, ndipo pumzi inapoanza kumwishia akipanda kilima.

Dawa husaidia kupunguza maji mwilini na kuupumzisha moyo, lakini hazinyooshi vali iliyopinda. Ikifika hapo ni upasuaji. Zamani mgonjwa wa namna hiyo hapa Tanzania alisubiri safari ya India au nchi nyingine. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapo hapo Dar es Salaam. Hii ni hatua kubwa. Lakini kila vali inayowekwa humpeleka nyumbani mtu ambaye lazima alindwe maisha yake yote, na ulinzi huo una hatua tatu: kabla ya kisu, wakati wa kisu, na baada ya kisu.

Tuanze na kabla ya kisu. Hatari ya kwanza ni kuchelewa. Misuli ya moyo ikishachoka sana, hata vali mpya haitairudishia nguvu zote. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa afanyiwe upasuaji asingoje mpaka miguu ivimbe kama magogo. Hatari ya pili ni vijidudu. Meno mabovu yanapaswa kutibiwa au kung'olewa kabla, maana bakteria wa kinywani huingia katika damu na kujishikiza kwenye vali mpya. Majipu, vidonda na maambukizo ya kifua nayo hutibiwa kwanza. Upungufu wa damu hurekebishwa, kisukari hudhibitiwa, na mvutaji sigara huacha. Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, bila kuona haya.

Wakati wa kisu, kazi ni ya wataalamu, lakini si vibaya mwananchi akajua wanachokilinda. Antibiotiki hutolewa muda mfupi kabla ya ngozi kukatwa, ili iwe tayari ndani ya damu. Moyo husimamishwa, na mashine ikafanya kazi ya moyo na mapafu. Vali huchaguliwa kwa kipimo, kwa sababu iliyo ndogo kuliko mwili wa mgonjwa itamwacha na pumzi fupi kama zamani. Inapobadilishwa vali ya mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, madaktari hujitahidi kubakiza zile nyuzi zinazoishikilia, maana huusaidia moyo kusukuma. Na kabla moyo haujaachiwa kupiga tena, hewa yote hutolewa ndani yake.

Jambo hilo la hewa lilijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1960, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, katika jimbo la Oregon huko Marekani, walikuwa wametengeneza vali yenye kijipira kinachopanda na kushuka ndani ya kizimba. Mgonjwa wao wa kwanza, mwanamke, alifariki saa chache baada ya upasuaji kwa sababu ya hewa iliyobaki moyoni ikapanda kwenye ubongo. Mgonjwa aliyefuata, mwaka huo huo, aliishi miaka 10 na vali ile, na alipokufa hakuuawa na moyo, bali alianguka kutoka kwenye ngazi. Kila tahadhari inayochukuliwa leo katika chumba cha upasuaji ina historia ya namna hiyo nyuma yake.

Siku za kwanza baada ya upasuaji, wauguzi huangalia damu inayotoka kupitia mirija ya kifuani, mapigo ya moyo, mkojo na kidonda. Mgonjwa naye ana wajibu wake. Akiambiwa avute pumzi kwa nguvu na kukohoa huku amekumbatia mto, afanye hivyo ingawa kifua kinauma, kwa sababu makohozi yakikaa mapafuni huleta nimonia. Akifika nyumbani, asibebe ndoo, asitwange wala asilime mpaka mfupa wa kifua uunge, jambo linalochukua wiki 8 hadi 12 hivi. Ndugu wa nyumbani wasimwone mvivu.

Sasa tumefika kwa mjomba na sumu yake ya panya.

Vali za bandia ziko za aina kuu mbili. Iko inayotengenezwa kwa tishu za mnyama, ng'ombe au nguruwe. Hii ni laini, na aghalabu dawa ya kuzuia damu kuganda huhitajika kwa miezi michache ya mwanzo tu, isipokuwa mgonjwa akiwa na sababu nyingine. Kasoro yake ni kuchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi kuliko kwa wazee. Ikichakaa, kifua kitafunguliwa tena. Aina ya pili ni ile ambayo watu huiita ya chuma, ingawa siku hizi sehemu kubwa yake ni kaboni ngumu. Hiyo inaweza kudumu maisha yote. Kasoro yake ni kwamba damu haiizoei. Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Donge likijengeka juu ya vali hiyo, mambo mawili yanaweza kutokea: ama donge linazuia vali isifunguke, na mgonjwa anazidiwa kwa muda mfupi, ama kipande kinakatika na kwenda kwenye ubongo, akapata kiharusi.

Ndiyo maana mwenye vali hiyo hupewa kidonge cha warfarini kila siku, maisha yake yote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1994 ulikadiria hivi: kati ya wagonjwa 100 wenye vali hizo wasiotumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, 4 hivi watapata donge lenye madhara makubwa katika mwaka mmoja. Wakitumia dawa kama asprini peke yake watakuwa 2 hivi. Wakitumia dawa za kundi la warfarini watakuwa 1. Usiuone mwaka mmoja kuwa ni mdogo. Binti wa miaka 24 ana miaka mingi mbele yake, na hatari hiyo hurudi kila mwaka.

Je, warfarini ni sumu ya panya? Ilikuwa hivyo kweli. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alimpelekea mtaalamu wa kemia, Karl Link, ng'ombe aliyekufa, majani yenyewe, na debe la damu isiyoganda. Link na wenzake walitafuta miaka kadhaa mpaka wakaipata kemikali iliyohusika. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kwa kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumika kwa binadamu, na mwaka 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo alipewa dawa hiyo hiyo.

Tofauti ya panya na mgonjwa ni kipimo. Chumvi kiasi hukoleza mchuzi, kopo zima humuua mtu. Panya hula bila kupimiwa. Mgonjwa hupewa miligramu chache, kisha damu yake hupimwa kuona inachukua muda gani kuganda. Jibu la kipimo hicho huandikwa kwa herufi tatu, INR. Kwa mtu asiyetumia dawa jibu huwa karibu na 1. Kwa mwenye vali ya chuma kwenye mlango wa aota, mara nyingi hutakiwa liwe kati ya 2 na 3. Kwa mwenye vali ya mitrali, kati ya 2.5 na 3.5. Likiwa chini ya hapo, donge linanyemelea. Likiwa juu sana, mgonjwa anaweza kutokwa damu tumboni au hata kichwani. Kwa maneno mengine, anatembea juu ya daraja jembamba, na kipimo ndicho kamba ya kushikilia.

Yapo mengi yanayoitikisa kamba hiyo, na mengi yanapatikana katika duka la dawa la mtaani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua kwa maumivu ya mgongo, huongeza hatari ya kutokwa damu. Metronidazoli ya tumbo, Septrin, na flukonazoli ya fangasi huifanya warfarini iwe kali kupita kiasi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huivunja nguvu warfarini, dozi ikabidi ipandishwe, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha, dozi isiposhushwa mgonjwa hutokwa damu. Dawa za miti shamba hazijulikani nguvu yake juu ya damu, na pombe ya kupindukia nayo huharibu hesabu. Kwa hiyo kabla ya kumeza chochote kipya, mgonjwa atoe kadi yake na kusema: mimi natumia warfarini. Na dawa yoyote mpya ikianzishwa au kusimamishwa, damu ipimwe mapema kuliko siku iliyopangwa.

Kuhusu chakula, wengi huogopeshwa wasile mboga. Ni kweli mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Lakini hakuna aliyesema mboga ziachwe. Kinachotakiwa ni ulaji usioyumba. Mtu asikae mwezi mzima bila mboga, kisha wiki nzima akala kisamvu asubuhi na jioni. Dozi hupangwa kulingana na chakula alichokizoea.

Wapo pia wanaouliza habari za vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda ambavyo havihitaji kupimwa INR. Vidonge hivyo vina kazi yake kwa wagonjwa wengine. Lakini kwa vali za chuma vilijaribiwa vikashindwa: jaribio la dabigatrani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa kwa kuwa waliotumia dawa hiyo walipata madonge zaidi na kutokwa damu zaidi. Mwenye vali ya chuma asibadilishiwe dawa na mtu yeyote nje ya kliniki yake ya moyo.

Hatari nyingine kubwa ni uambukizo wa vali. Hapa mazoea yetu yanatuponza. Mtu akipata homa, tunasema ni malaria, tunanunua dawa. Homa ikirudi, tunanunua antibiotiki kidogo. Kwa mwenye vali ya bandia, homa inayodumu au inayorudi rudi inaweza kuwa vijidudu vimekwisha kaa kwenye vali. Malaria apimwe, ndiyo, lakini damu yake ichukuliwe pia ioteshwe kutafuta bakteria kabla ya kupewa antibiotiki. Dozi moja ya kubahatisha inaweza kuficha vijidudu visionekane, huku vikiendelea kuitafuna vali. Kinga yake inaanzia kwenye mswaki wa kila siku. Na akienda kung'oa jino, amwambie mganga wa meno kwamba ana vali ya bandia, apewe antibiotiki kabla ya kung'olewa. Wala asiache warfarini kwa ajili ya jino bila kuuliza kliniki ya moyo. Aliyeharibiwa vali na homa ya baridi yabisi aulize pia kuhusu penisilini ya kinga, maana upasuaji hauondoi uwezekano wa homa ile kurudi na kuharibu milango iliyobaki.

Na sasa jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona, uzazi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Lakini kuacha dawa ghafla kunaweza kuifunga vali na kumuua mama. Dawa nyingine, heparini, hutumika kwa vipindi fulani, chini ya uangalizi wa karibu. Kwa hiyo mwanamke mwenye vali ya chuma anatakiwa kuzungumza na madaktari kabla ya kushika mimba, na mimba ikitokea bila kutarajiwa aende kliniki siku hiyo hiyo. Mume na mama mkwe nao wayajue haya, wasimshinikize.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Mara nyingi tunauliza vali ipi inadumu zaidi. Hilo ni swali zuri, lakini si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mgonjwa huyu akirudi kwao atapima wapi damu yake? Je, ni saa moja kwa daladala, au siku mbili kwa basi? Nauli ataipata? Anatarajia kuzaa? Ikiwa vali yake mwenyewe inaweza kukarabatiwa badala ya kubadilishwa, hilo mara nyingi ni bora. Ikiwa haiwezekani, pengine vali ya tishu itakayochakaa ni salama zaidi kwake kuliko ya chuma isiyo na mlinzi. Kwa mwingine anayeishi karibu na kliniki, ya chuma itafaa. Mgonjwa na ndugu zake waulizwe, nao waulize, kabla ya kutia saini. Vali inachaguliwa pamoja na maisha ambayo mtu ataishi nayo.

Na wenye mamlaka ya afya nao wana sehemu yao. Ziko mashine ndogo zinazopima INR kwa tone la damu la kidole. Kipimo kikifika katika hospitali za wilaya, na vidonge visipokosekana kwenye rafu, tutakuwa tumezilinda vali nyingi bila kufungua kifua cha mtu. Aidha, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021, uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 walioanza kuonyesha dalili za awali za ugonjwa wa vali. Waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, chini ya 1 kati ya 100 ndiye aliyezidiwa na ugonjwa. Wasiochomwa walikuwa 8 kati ya 100. Koo la mtoto likiuma, basi, apelekwe zahanati.

Nimalizie kwa mama aliyeniandikia. Mama, mshukuru mjomba kwa kumjali mpwa wake, halafu umpe kazi. Awe ndiye anayemkumbusha kidonge kila jioni saa ile ile, na anayemsindikiza siku ya kupima damu. Akisahau dozi moja, asimeze mbili kwa pamoja siku ya pili bila kuuliza. Mkimwona amelegea upande mmoja, maneno yanamshinda, pumzi inambana ghafla, ule mlio wa saa umefifia, au choo ni cheusi kama lami, msiitishe kikao cha ukoo. Tafuteni gari.

Binti yako amepona kwa sababu ya upasuaji. Anaendelea kuwa mzima kwa sababu ya kidonge kile kile anachokiogopa mjomba. Kisiachwe.